Furu Yenye Ulisema Utaiacha

Exaucé mwana yangu,

Ulienda kuaga bantu ya korali, na ninabajua bale: habatakuachilia mbio, batakuimbisha mpaka sauti ikauke. Basi niko na nafasi. Nilikaa pa meza ya kupikia, ile ya muguu mufupi, nikaweka kipande ya karato chini isitikisike, na niko naandika. Mwandiko yangu unaijua, inatembea sawa kuku yenye banafunga muguu. Soma pole pole, utafika.

Sitaandika juu ya dawa ya malaria, wala moskitero ya mbu, wala bantu ya kuogopa kule ku garage ya Kolwezi kwenye unaenda kuanza kazi. Ile yote nilisha kuisema mpaka ukaanza kunimalizia maneno mu kinywa. Niko naandika juu ya furu.

Siku ya Mungu, hii jumapili ya kupita, mbele ya jamaa yote, Tonton Célestin, baba yako mukubwa, iko na paja ya kuku mu mukono, ulisema: "Bon, Tonton, nitaiacha." Ulisema macho chini. Miye nilikuwa nasimama pale na beseni ya kunawisha mikono. Maji haikumwangika. Nilibanawisha bote, nikabapa kitambaa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya mufuko ya makala ya moto. Sikulia. Nilikuwa na hasira mingi, machozi haikupata njia ya kupita.

Mutoto mwanaume anaenda kuanza maisha yake, mama yake anamupa nini? Bengine banapa Biblia. Bengine suti. Miye nilikupa furu ya umeme, ile ndogo ya mulango ya kioo, yenye kupika na upepo ya moto, ile benye kuuza banaita friteuse, chombo ya kukaanga bila mafuta. Nilikupa, na siombi pardon kwa muntu. Ata kwako.

Unajua fasi ya kwanza niliionea? Ku Golf, kwenye batajiri banakaa. Ile wakati nilikuwa natembeza mayai ku ba villa, weye ulikuwa ungali ku masomo. Ku nyumba moja balifungua mulango ya nyuma, ya jikoni, na pale nikaona sanduku ndogo inapiga upepo, fuuu, na ndani yake kuku inageuka rangi ya kahawa, bila moshi, bila muntu kupepea. Nikasimama sawa mujinga. Na mwenye alikuwa anaipika, Exaucé, alikuwa mwanaume. Mwanaume ya ndevu, na kitambaa nyeupe ku kiuno. Bote mu ile nyumba banamuita chef. Nikamuuliza: "Papa, hii kintu inakula makala ngapi?" Akacheka: "Mama, inakula kura tu." Kura, umeme, ile yenye kwetu inakuja sawa mugeni: haisemi saa, na ukisha kupanga kiti, inaenda.

Nikarudi ku nyumba na mayai yenye haikuuzwa na ile fuuu mu masikio.

Ya kwanza nilinunua miye peke yangu, ku Kasumbalesa, ku mupaka, na nilikosea. Unaikumbuka. Ile kubwa nyeusi, yenye uso ya kuangaza, ya kugusa na kidole. Sikuangalia kintu ingine. Niliona mwangaza, nikasema njo hii. Nilichagua sawa vile nilichagua baba yako. Fishi yake, ile ya kuchomeka, ilikuwa ya miguu tatu, ya Zambia, haikuingia ku ukuta yetu, ukaitafutia ingine. Kisha nikaiwasha, wakati gani? Wakati ya mechi, bantu bote ya avenue banajaa mu parcelle ya jirani Mama Ngalula juu ya televizio yake, na weye unajua nyumba yake na yetu inakunywa ku kamba moja ya umeme. Puuu! Giza. Kisha sauti ya Mama Ngalula juu ya ukuta:

"Mama Exaucé! Umekula goli!"

"Goli gani?"

"Ile ilikuwa inaingia! Bantu batanivunjia biti! Zima ile mashetani yako!"

Nilizima. Goli haikuingia, nilisikia nyuma, lakini mpaka leo bale banaume banasema niliila miye.

Na ile mashini haikujifunza avenue yetu. Kura ikishuka kidogo, uso yake inazima. Kura ikirudi, imesahau kila kintu, moto ngapi, saa ngapi, inaanza kukuuliza tena sawa haikukuona. Baba yako na siku yako ya kuzaliwa, ni vile vile. Siku moja ikazima, haikuamuka tena. Tukaifanya kabati ya sabuni.

Pale njo nilijua kintu yenye hakuna muntu alinifundisha. Mashini hauichagui kwa uzuri yake. Unaichagua kwa kura yenye iko ku nyumba yako. Na muntu pia, kama unataka nimalize. Usijiulize tu kama anaangaza. Ujiulize akifika mu giza yetu atakumbuka nini.

Ya pili tulienda bote. Nilikuambia unisindikize ku dipo ya Papa Kambale, ule muntu ya Butembo mwenye anauzisha bintu ya nyumba pale mu ville, katikati ya muji. Mbele ya kuingia nilipita ku soko nikanunua thomson moja, samaki ya urefu ya mukono yangu, nikaiweka mu sashé. Weye haukujua ni ya nini. Ulijua wakati niliitoa.

"Mama!" Papa Kambale akaruka. "Unaingiza samaki mu mashini yangu ya mupya?"

"Iko mu sashé, haitachafua mashini yako. Ninataka kuona kama italala ao itakunja shingo."

"Bantu banapima na macho!"

"Macho yangu ilisha kunidanganya mara moja, Papa. Leka samaki aseme."

Weye ulijificha nyuma ya ba ventilateur, zile feni, ukajifanya haujui ule mama ni wa nani. Nilikuona. Ile furu ya muviringo, ya kuvuta sawa ndoo, samaki alikunja shingo. Ingine alilala lakini mukia ikabakia inje. Ile yetu, ya mulango ya kioo na ba plato ya kuingiza sawa sinia, alilala sawa muntu ku kitanda yake. Kisha nikatafuta zile za kugeuza na mukono, hapana kugusa. Kitufe ya kugeuza haisahau. Kura iende, kura irudi, inabakia pale uliiacha. Kisha nikakuita utoke kule umejificha, usome nyuma, ile namba ya nguvu, juu weye njo ulisoma ile mambo ya umeme. Ukasema hii inaomba kura kidogo, haitazimia Mama Ngalula televizio. Ukatabasamu kidogo pale. Kidogo.

Papa Kambale akatuonesha ile karato yenye furu ilikuja ndani yake: picha ya pizza, picha ya gato, picha ya bintu yenye sijui jina. "Angalia, Mama, inafanya yote!"

"Picha ya bukari, ugali ya kila siku, iko wapi?"

"Bukari hapana."

"Basi haifanyi yote. Usinisomee ba picha, Papa. Miye nitatumia mbili: ya kuchoma na ya kupasha. Ile ingine yote ni mapambo."

"Vraiment, hii ni ya ba mama ya Golf," akasema, sawa kunipima.

"Ba mama ya Golf iko na midomo mbili?"

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akakuangalia weye: "Unanunulia bibi yake?"

"Ninamununulia yeye. Anaenda kukaa peke yake Kolwezi. Anajua kupika."

Nilingoya acheke tena. Hakucheka. Akasugua ile kioo na kona ya shati yake, akasema: "Miye nilitoka Butembo bila bibi, bila mama. Nilikula mukate na sardini mpaka tumbo ikanikatalia. Nilikuwa na njaa pembeni ya soko." Akakupatia ile furu mu mikono, weye, hapana miye. Ile ulisahau? Miye sikusahau.

Sasa nikuambie juu gani nilikufundisha kupika. Bantu banafikiri ni juu sikuzaa binti. Tonton anasema vile, na nilimuacha aseme. Leka nikuambie weye.

Ulikuwa mudogo, meno ya mbele ilikuwa inaanguka. Mama yangu alikufa kule Likasi. Nilienda ku kilio, nikalala chini ku mukeka na ba mama bengine, tukamuzika, nikarudi. Niliingia ku nyumba na ile kitenge ya kilio, mavumbi ya kaburi ku miguu. Unga ilikuwa mu ndoo. Makala ilikuwa mu mufuko. Kapenta, dagaa ya kukauka, ilikuwa inatundikwa ku musumari. Baba yako alikuwa pa mulango, ku kiti, na weye pembeni yake unalamba sukari mu kiganja. Akaniangalia na furaha, akasema: "Tulikuwa tunakungoya."

Hakusema na ubaya. Njo kile kinaniuma mpaka leo, hakusema na ubaya. Mwanaume ya nguvu, anabeba mufuko ya cimenti ku bega moja, alikuwa na njaa ya kweli kweli, na alikuwa anaona unga na maji na moto, lakini mukono yake haikujua njia. Hakuna alimuonesha. Mama yake alimupenda vile, bila kumuonesha.

Nikawasha mbabula, jiko ya makala. Nikapika na ile kitenge ya kilio. Nililia juu ya bukari, na baba yako akasema leo moshi iko mingi. Wakati unga ilianza kushikana nikakuita: "Exaucé, kuya ushike mwiko." Baba yako akasema: "Leka mutoto." Nikasema: "Sitaleka." Ulishika na mikono mbili. Haukuweza kugeuza, niligeuza na weye, mukono yangu juu ya yako. Ile siku nilikuwa ninazika mama yangu na ninakata shauri moja. Shauri njo hii: hakuna mwanamuke atatoka ku kaburi ya mama yake akute mwana yangu ku kiti anangoya.

Baba yako sasa iko Mitwaba, analima, anauza, iko na nyumba ingine. Simutukani. Ule mama ya kule, ninasikia, hasafiri.

Basi tufike ku siku ya Mungu, na ile firigisi.

Desturi unaijua, hauko mugeni. Kuku ikipikwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamuke anaisafisha, anaipika, anaipanga juu ya sahani, lakini haionji. Na juu kwetu baba hakuna, Tonton Célestin akikuja, yaya ya baba yako, njo yeye anaipata. Ulipika ile kuku weye, mu furu, na ilitoka muzuri, ngozi inalia sawa majani makavu. Lakini firigisi uliiweka pembeni ya kuku, wakati moja, moto moja, tupu ndani ya ile upepo. Na miye nilikuona na sikusema, juu miye pia sikujua. Ku mbabula firigisi inakaa mu supu, inalainika. Sisi bote wawili tulisahau kama upepo hauna supu. Kintu ndogo ndani ya ile mashini inakauka mbele kubwa haijaiva.

Tonton akaiweka mu kinywa na heshima yake yote. Ko! Bote tulisikia. Akageuza shavu ya kuume. Ko! Akageuza ya kushoto. Na Mama Ngalula, ule hana breki, akasema: "Célestin, ni jiwe ya mugodi ya Gécamines wamekupa?" Watoto bakaanguka na kicheko.

Akaitoa, akaiweka ku mukono, akaiangalia sawa muntu mwenye kupata habari mubaya.

"Nani alipika hii kuku?"

Ningesema ni miye. Ingeisha pale. Tonton angeniambia maneno mbili, ningeinama, tungekula. Lakini sikutaka kuiba kazi ya mikono yako. Nikasema: "Ni mwana yako Exaucé."

"Mwanaume?"

"Uko unaona ingine hapa?"

"Njo juu ya ile firigisi imekuwa hivi! Unamufanya mwanamuke. Anaenda Kolwezi na vyombo sawa bibi harusi! Bantu ya garage batamuona namna gani? Alale njaa kidogo, ataoa mbio. Njaa njo inaoesha bijana."

Na wakati anasema ile, mwana yangu, alikuwa anamaliza paja ya kwanza na anavuta ya pili. Ya ile kuku ya mwanamuke.

Nikamuuliza: "Tonton, mwanaume mwenye anapika ku ba villa ya Golf, unamuita nani ukimukuta ku njia?"

"Chef. Ni kazi yake."

"Basi mwanaume akipikia bantu bengine, ni chef. Akijipikia mwenyewe, ni mwanamuke?"

Muntu kama Tonton akishindwa na mukubwa, anaenda kutafuta ushindi kwa mudogo. Akakugeukia: "Exaucé. Weye mwenyewe useme." Na weye ukasema nitaiacha.

Ninajua juu gani. Ulitaka amani mu nyumba mbele ya kuenda. Uko na roho ya kutuliza bantu, ulikuwa nayo tangu mutoto. Lakini sikia, mwana yangu. Nilituliza bantu miaka mingi, na ile amani kila siku ilikuwa inaliwa na bengine, miye nabakia nasafisha sahani. Kuna bintu unaweza kuacha juu ya amani: kiti ya mbele, neno ya mwisho, shati yenye bantu banacheka. Mikono yako usiiache. Tonton hakukuomba uache mashini. Alikuomba uache mikono, urudi ku kiti pembeni ya baba yako, mungoye.

Na simuchukii Tonton. Nitakuambia kintu yenye Mama Ngalula aliona: wakati ya kuenda, Tonton alisimama mbele ya ile furu, peke yake, akafungua mulango, akafunga, akafungua. Bibi yake alienda ku kilio ya dada yake mwezi ya kupita. Nilimuona ule wakati, mashavu ilikuwa imeingia ndani. Sikumucheka. Lakini sitamupa mutoto yangu akonde naye.

Leo, wakati umetoka, nilienda kununua firigisi. Peke yake, bila kuku. Ule mama ku soko aliniuliza ni ya nani, nikamuambia ni ya mwenye nyumba. Niliichemusha mbele, na chumvi na kitunguu, mpaka kidole ikaingia. Kisha nikaipaka mafuta kidogo na pilipili, nikaiingiza mu furu yako, wakati fupi tu, nimesimama pale naangalia mu kioo. Ilitoka inangaa. Nikaipanga juu ya sahani, vile nilifundishwa. Kisha nikatafuta mu hii nyumba mwenye nyumba iko wapi. Nikaangalia ku kiti pa mulango: hakuna muntu. Nani anajenga ukuta ikianguka? Nani anaongea na bantu ya umeme? Nani alikupeleka ku masomo, akakurudisha, akakungoya ku hospitali?

Nikakaa. Nikakata ile firigisi mu mbili. Nusu nikakula.

Sikuwahi kuionja. Na hii miaka yangu yote! Niliitafuna pole pole, macho wazi. Nyumba haikuanguka. Ba nkambo, bale bazee balikufa, habakupiga ku mulango. Ni tamu, Exaucé. Njo juu banaificha.

Sasa usikie ya mwisho. Hii barua siiweki mu valizi yako. Ninaiweka ndani ya furu, ku plato ya chini, na ile nusu ingine juu yake, mu karatasi ya alumini. Furu nimeifunga na ile kitenge ya kilio ya nkambo yako, mama yangu, niliifua, iko pa mulango. Asubui nitakusindikiza ku bisi, na sitakuambia uichukue. Sitaiangalia ata. Tonton atakuwa pale ya kukubariki, na weye utapita pembeni yake na mikono tupu, ao na mikono inabeba. Ukiiacha, nitaifungua mwenyewe, nitakula nusu yako, na hii barua nitawasha nayo mbabula. Hautajua ata kama niliandika.

Lakini kama ni macho yako njo inasoma hapa, basi uko mu chumba yako kule Kolwezi, umefungua mulango ya kioo. Weye njo mwenye ile nyumba.

Kula. Haiko ngumu.

Mama yako